Katiba Inayopendekezwa au Rasimu ya Warioba: tuanzie wapi?

Kila mjadala wa katiba mpya ya Tanzania ukiwaka, swali hili hurudi.

Kwa muda na gharama, Katiba Inayopendekezwa inashinda. Bunge Maalum la Katiba liliipitisha Oktoba 2014, ikabaki kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015, kisha ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wapiga kura haukukamilika. Kurudi kwenye Rasimu ni kuufungua upya mjadala ambao ulishatumia fedha nyingi.

Kwa uhalali, mizani inageuka. Rasimu ilitokana na maoni ya wananchi yaliyokusanywa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba. Ile nyingine ilipitishwa baada ya wajumbe wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, kususa, na kidonda hicho hakijapona.

Mzizi wa ugomvi ni muundo wa Muungano. Rasimu ilitaka serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), Bunge Maalum likarudisha mbili (ya Muungano na ya Zanzibar). Wa serikali tatu wanaona Tanganyika ingepata sauti yake; wapinzani wao wanauliza serikali ya Muungano ingeishi kwa mapato gani. Swali zito, na sijasikia jibu la kuridhisha. Pia Bunge Maalum liliondoa uwezo ambao Rasimu iliwapa wananchi wa kumwondoa mbunge kabla ya uchaguzi, jambo ambalo wabunge, kwa bahati nzuri yao, hawakulililia.

Kama kiu yako ni haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani, Inayopendekezwa inakutosha. Kama ni Muungano au kumdhibiti mbunge, dai Rasimu, na ujiandae kusubiri.