Chujio la unga wa kuvu, nimelitumia miezi miwili hapa Ruangwa

Jamani mi nlikua siamini kabisa, eti kuvu inanasa madini ya risasi kwenye maji! Kumbe ni kuvu iliyokufa, imekaushwa ikasagwa, kuta za seli zake zina kaitini (kile kitu kigumu kinachojenga kuta hizo) na vitu vingine ndo vinashika metali. Huku kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu na kisima chetu kiko bondeni, basi nkapima maji maabara kabla na baada, risasi ikashuka chini ya 0.01 mg kwa lita, kiwango cha WHO, nilifurahi sanaa. Ila muuzaji hakuniambia kwamba haliui vijidudu, watoto wakaharisha, iliniuma mno, kwahiyo chemsheni. Unga ukijaa haunasi tena, unaoshwa na asidi hafifu, na hayo maji ya kuoshea yana sumu yote, msimwage kwenye mikorosho. Nyota 4.