Mashua ya marehemu baba na fundi wa ufukweni Bagamoyo

Nahodha wangu ndiye aliyenishtua, mwezi wa Januari. Aliniita nikaingia chini ya ile sitaha ndogo ya tezi anapokaa mshika msukani, akaniambia nibonyeze taruma, ule ubavu wa mti unaoshikilia mbao kwa ndani, kwa kidole gumba. Kidole kiliingia kama kwenye muhogo uliooza. Mashua hii ya futi 28 ndiyo aliyoniachia baba, na ndiyo inayosomesha wanangu. Usiku ule sikulala.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba pale pale palishatengenezwa. Miaka mitatu nyuma fundi mwingine, ambaye simtaji, alipajaza puti ya kunyooshea magari, akapaka rangi, nikamlipa na kumshukuru. Puti ile ilifungia unyevu ndani, mti ukaendelea kuoza tusiuone.

Fundi ninayemwandikia haya anafanya kazi mchangani, karibu na soko la samaki, chini ya banda la makuti. Hana kibao, waulize wavuvi. Ni mzee, ana vijana wawili, na bado anatoboa kwa keekee ya kamba. Nilipomwamkia na kumuuliza bei hakujibu bei. Alichukua nyundo na bisibisi, akaizunguka mashua yote akigonga, ubao mmoja baada ya mwingine. Mti mzima unalia. Mbovu unaitika kama gunia. Kila palipoitika vibaya alitia alama ya chaki. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mataruma mawili na ubao mmoja. Chaki ilionyesha mataruma manne, mbao mbili, na kona ya ubao wa nyuma.

Nilifikiri anataka kuniongezea gharama. Akachimba mbele yangu, akanipa kipande ninuse: harufu ya uyoga. "Mwanangu, bahari haikukosea. Hii ni mvua." Na ni kweli, kuoza kwa namna hii ni kazi ya ukungu unaokula mti penye unyevu na hewa, na chumvi humzuia mlaji huyo. Maji ya mvua yalikuwa yakipenya kwenye sitaha, yanakaa juu ya vichwa vya mataruma pasipopita upepo. Chini ya mstari wa maji mvule wa baba ulikuwa mzima, isipokuwa pembeni ya misumari iliyokula kutu.

Kazi yenyewe niliifuata kila siku niliyopata nafasi. Hakung'oa mataruma yote kwa pamoja. Aliegemeza mashua kwa magogo, akatoa moja, akatia jipya, ndipo akagusa la pili, ili chombo kisipoteze umbo. Kwa kila taruma alikata kigezo cha plaiwudi, kisha akatafuta tawi la mwembe lililopinda lenyewe kwa kiasi kile. Taruma lililochongwa kutoka mti ulionyooka, nyuzi zake zinakatika kwenye pindo na hapo ndipo litakapopasuka. Siku nne nzima zilikwisha kutafuta tawi moja. Nilikasirika, lakini tawi lilipokaa halikuhitaji kulazimishwa.

Mbao hakubadilisha nzima. Alikata mpaka kuupita ubovu, zaidi ya shubiri moja ndani ya mti safi, akaunga kwa mshazari. Unene wa ubao ni inchi moja na nusu, mshazari ukawa futi moja, yaani mara nane ya unene. Kila tundu lilitobolewa kabla ya msumari, na chini ya kichwa cha msumari alizungushia pamba iliyolowa sifa, yaani mafuta ya samaki. Nilimuuliza habari ya epoksi. Alikataa, kwa kuwa mbao za mashua huvimba na kusinyaa, na gundi ngumu haifuati. Hapo namuunga mkono. Alichotaka badala yake ni kuacha nafasi za upepo kati ya mbao za sitaha, na amefanya hivyo.

Sasa malalamiko. Aliahidi wiki tatu, zikawa sita. Bamvua mbili, yaani maji makubwa ya kushushia chombo, zilipita mashua ikiwa juu, na vijana wangu wakakaa bila riziki. Haandiki chochote. Nunua daftari, andika kila msumari unaoingia, na umsomee jioni, hachukii. Jumla yangu ilifika shilingi milioni 2 na laki 1, karibu nusu ikiwa mbao. Hizo si pesa ndogo kwa mtu anayeishi kwa samaki.

Baada ya kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, na shahamu, mafuta ya mnyama, kupakwa chini, tuliishusha kwa bamvua ya mwisho wa Machi. Usiku wa kwanza ilivuja mpaka nikatetemeka; tulichota maji kwa ndoo hadi alfajiri. Fundi alikuwa ameshanionya kwamba mbao zilizokauka juani lazima zinywe kwanza. Siku ya tatu ngama, pale chini ndani ya mashua maji yanapokusanyika, ilikuwa kavu.

Masika yote imenyeshewa. Juzi niliingia tena chini ya sitaha na tochi, nikabonyeza taruma moja moja kwa kidole kile kile. Magumu yote, na bado yananuka sifa. Ukitaka kumwahi, nenda kabla ya Januari, maana anapokea chombo kimoja tu kwa wakati.