Sidii ya programu za kuonja, buku mbili Kariakoo

Nimeinunua Kariakoo, upande wa Msimbazi, kwenye meza ya kijana anayeuza waya za chaja, rimoti za ving'amuzi na kibodi zilizofutika herufi. Chini ya meza kulikuwa na boksi la sidii, nyingi za taarabu na mahubiri, na hii moja ambayo jalada lake panya wamelila pale pale penye jina. Kilichobaki ni mwaka, 1998, na ahadi ya programu 1,000. Akataka elfu tano. Nikamwambia, mwanangu, hata wewe hujui ndani kuna nini. "Basi mama, leta buku mbili, nakupa na mfuko."

Mimi nina steshenari Mbagala: kuchapa, fotokopi, laminesheni, kadi za mchango. Kazi nilijifunzia Mnazi Mmoja mwaka 2000, na karibu kila programu tuliyokuwa nayo pale ilitoka kwenye sidii za namna hii, maana intaneti ililipiwa kwa dakika na simu ilikatika faili likiwa nusu. Kwenye kona ya duka langu bado ninayo Pentium III yenye Windows 98 na RAM ya MB 128. Haijaunganishwa na intaneti na haitaunganishwa. Sidii ya zamani siitii kwenye mashine ya kazi hata kwa dawa. Waliokuwepo Aprili 26, 1999 wanakijua kile kirusi cha CIH, kilichofuta mpaka BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine.

Kwa wadogo zangu: hizi ziliitwa sheawea. Ni kama muuza tende anavyokuonjesha moja kabla hujanunua kilo. Unapewa programu, unaitumia siku 21 au 30, ukiipenda unamtumia aliyeitengeneza pesa yake. Jina lilienezwa na Bob Wallace, Mmarekani aliyetoka Microsoft akaanza kuuza programu yake ya kuandikia, PC-Write, mwaka 1983, tena akiwahimiza watu wainakili na kugawana. Onja, mpe na jirani aonje.

Haya, sidii yenyewe. Ilikuwa na mikwaruzo. Nikaipaka dawa ya meno kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, nikaisuuza. Mara ya kwanza mashine ikanguruma ikakataa. Mara ya pili ikasoma. Menyu ikajifungua yenyewe, na hapo ndipo nilipotaka kurudi Kariakoo kudai buku mbili zangu. Ina vitufe vya michezo, ofisi, picha, fonti, elimu na vifaa. Ukibonyeza kimoja inakurushia orodha ya majina yasiyozidi herufi nane, INVC21, CALPRO, XDRAW4, bila hata mstari wa maelezo. Ukirudi nyuma inaanza upya na ule muziki wake wa kufungulia sherehe. Nyota moja, na hiyo ni kwa huruma.

Achana na menyu. Fungua sidii kama folda ya kawaida, ingia ndani, tafuta faili linaloitwa FILE_ID.DIZ. Ni maandishi mafupi ambayo mtengenezaji mwenyewe anaeleza programu ni ya nini. Nikakaa jioni mbili nikisoma hayo na chai yangu. Hizo 1,000 ni maneno ya biashara: kalkuleta peke yake nimezikuta kumi na moja, na mchezo wa karata wa solitea uko kila folda kama mchwa.

WinZip, ile ya kubana na kufungua mafaili, iliingia kabla sijamaliza kumeza chai, na faili lake zima lingetosha kwenye floppi moja. Paint Shop Pro ya Jasc nayo ikaingia bila neno. Ndiyo tuliyokatia picha za pasipoti Mnazi Mmoja, na vitufe viko pale pale vidole vyangu vilipoviacha. Programu moja ndogo ya kutunza hesabu za duka ikagoma, ikilalamikia faili linaloitwa VBRUN300.DLL. Ukikutana na hilo usihangaike: tafuta ndani ya sidii hiyo hiyo, maana waliozipanga walijua shida yake, linakili kwenye folda ya SYSTEM ndani ya WINDOWS, jaribu tena. Ikafunguka. Mbaya kama dhambi, rangi ya kijivu tupu, lakini ikafunguka.

Kisa kikaja kwenye programu ya ankara. Betri ya saa ya ile mashine imekufa zamani, kila ukiwasha inaamini ni mwaka 1998. Nikaisakinisha hivyo hivyo, ikanipa siku 30, nikaingiza wateja watatu. Kesho yake mtoto wa kaka yangu akanisaidia kuweka betri mpya, hii ya duara ya CR2032, tukarekebisha tarehe. Programu ikafunguka, ikahesabu siku, ikanifungia mlango. Kurudisha saa nyuma hakukusaidia, ilikwishaandika mahali kwamba mimi ni mdaiwa. Kwa hiyo rekebisheni saa kwanza, ndipo msakinishe. WinZip yenyewe ilihesabu maelfu ya siku nilizopitiliza, ikanikumbusha kwa adabu, ikaendelea na kazi. Kijana akaisoma ile taarifa akacheka: "Shangazi, hii inakudai au inakuomba radhi?"

Yeye alikuwa amefuata Doom, mchezo wa kupiga risasi mazimwi. Imo, ile sehemu ya kwanza waliyoigawa bure Desemba 1993. Mbili zilizobaki ulikuwa unaagiza kwa pesa. Nilimwacha pale nikahudumie wateja wa fotokopi, nikarudi adhana ya magharibi imeshapita, bado yuko mlango ule ule akitafuta ufunguo wa bluu. Angebaki mpaka usiku kama luku isingeisha.

Ningekuwa nimeishia hapo ningesema buku mbili imekwenda kwa kumbukumbu tu. Lakini folda ya fonti! Hizi hazijali Windows gani. Niliazima kisomeo cha sidii cha nje kwa jirani, nikavunja sharti langu kwa ajili ya ile folda tu: nikaipitisha kwenye antivirasi, nikanakili faili za TTF, ndizo fonti zenyewe, kwenye laptopu ya kazini, zikakubali zote. Usiziweke mia tano kwa mpigo kwenye Windows 98, itatambaa, chagua. Nyingine zina herufi kubwa pekee, nyingine hazina alama ya ng'ong'o, kile kikoma cha juu, ukiandika Ng'wanza unapata kiboksi, na sisi wa kadi hatuwezi kuishi bila hiyo. Nimebaki na kumi na nne nzuri. Moja ya mwandiko wa mkono, mikia mirefu, nimeshaitumia kwenye kadi ya sendoff, na mama wa bibi harusi akaniuliza nimeilipia wapi.

Sikuwa nimeilipia popote. Nikarudi kwenye folda, nikafungua maandishi ya mwenye fonti. Hataki dola. Anasema ukiipenda nitumie kadi ya posta ya mji wako, na ameweka anwani yake ya Marekani, ya miaka hiyo. Enzi zile tulikuwa tunabonyeza kitufe cha kukubali kila asubuhi bila kusoma, na hata tungesoma, hundi ya dola Mnazi Mmoja ungeitoa wapi? Kadi ya posta tungeweza.

Jumamosi nilizunguka Samora kuitafuta. Duka la tatu ndio wakanielewa, wakanitolea moja ya Askari Monumenti, imepauka pembeni. Elfu moja.