Tairi na rimu za baridi kwa GT86, GR86 na BRZ: pima tundu la katikati kabla ya kuuliza bei

Kila Novemba wenye Toyota GT86, GR86 na Subaru BRZ walioko Ujerumani huleta malalamiko yale yale. Wamenunua seti kamili, tairi mpya, rimu mpya, balansi imefanywa, lakini gari likifika kilomita 110 kwa saa usukani unatetema kama mashine ya kusaga. Wanarudi dukani, tairi zinapandishwa tena kwenye mashine ya balansi, mashine inasoma sifuri, na muuzaji anasema barabara ndiyo mbovu. Barabara haina kosa. Kosa liko kwenye tundu la katikati ya rimu, jambo ambalo matangazo mengi hayalitaji kabisa.

Yale ambayo kila mtu ameshayasikia nayapita mbio. Tairi ziwe nne za aina moja, si mbili za nyuma tu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likiwa na tairi za kiangazi mbele litakwenda moja kwa moja kwenye kona huku usukani umekatwa. Ziwe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji: tangu 1 Oktoba 2024, Ujerumani haitambui tena herufi M+S (matope na theluji) peke yake. Kukamatwa kwenye theluji bila tairi za baridi ni faini ya kuanzia euro 60 na pointi moja kwenye leseni. Sheria inataka kashata (meno ya tairi) zisipungue milimita 1.6, lakini tairi ya baridi ikifika milimita 4 imeshamaliza kazi yake kwenye theluji.

Sasa tundu. Habu ya magari haya, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, ina mdomo wa duara wenye kipenyo cha milimita 56.1. Rimu ya kiwandani ina tundu la kipimo hichohicho, kwa hiyo inakaa juu ya mdomo huo bila kucheza, na nati zinabaki na kazi ya kubana tu. Rimu za soko la jumla hutengenezwa na tundu kubwa, mara nyingi 72.6 au 73.1, ili ziingie magari mengi. Ukiifunga 73.1 kwenye habu ya 56.1 unabaki na nafasi ya milimita 8.5 kila upande. Nafasi hiyo inatakiwa kujazwa na pete, ambayo kwenye matangazo ya Kijerumani huitwa Zentrierring.

Mbona mashine haioni tatizo? Kwa sababu mashine huishika rimu kwa koni inayopita kwenye tundu hilohilo la katikati. Juu ya mashine rimu imekaa sawasawa. Kwenye gari, kama pete haipo, imepasuka au imekaa upande, rimu inategemea nati peke yake. Nati zenye kichwa cha koni hujitahidi kuivuta katikati, lakini zikikazwa wakati gari limeshashuka chini, uzito unakuwa umeisogeza rimu kabla nati hazijabana. Ikikaa nje ya kati kwa nusu milimita tu, utaisikia mikononi.

Pete za plastiki ndizo nyepesi na ndizo anazotia muuzaji asipoulizwa. Baridi kali huzifanya zivunjike kama biskuti, joto la breki hulegeza zile hafifu, na fundi akibadilisha tairi masika pete moja hubaki imenata kwenye habu bila yeye kuiona. Oktoba inayofuata anaweka nyingine juu yake, rimu haikai bapa, na sasa tatizo si mtetemo tu: nati zitalegea. Pete za alumini ni imara zaidi, ila chumvi ya barabarani huzigandisha kati ya habu ya chuma na rimu. Sugua mdomo wa habu kwa brashi ya waya, kisha pakaa utando mwembamba wa grisi ya seramiki kwenye mdomo huo tu. Grisi isiguse stadi (boliti za habu zinazoshika nati) wala nati, kwa sababu nati yenye grisi hukazika kupita kiasi huku spana ikikuonyesha namba ileile.

Kwa sababu hiyo, chaguo la kwanza halina pete kabisa: rimu za kiwandani za inchi 16 au 17 kutoka Subaru Impreza zenye matundu 5x100, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 100. Tundu lake la katikati ni 56.1, lilelile. Zilizotumika zinapatikana, na hata zikiwa na mikwaruzo, chumvi itazikwaruza zaidi. Usichanganye na za WRX STI za kuanzia 2005, ambazo ni 5x114.3 na haziingii. Inchi 16 nyingi hupita kwenye breki za kawaida, lakini izungushe kwa mkono kabla ya kununua nne. Mwenye breki kubwa za Brembo asahau 16, na hata 17 si zote zinazopita. Hapo Ujerumani angalia kama kipimo kimo kwenye karatasi za gari. Kama hakimo, itabidi TÜV, shirika la ukaguzi wa magari, waikague na kuiandika.

Chaguo la pili ni rimu mpya za inchi 17 zilizochongwa tundu la 56.1 tangu kiwandani, zikiwa na cheti cha ABE (kibali cha Kijerumani cha kutumia rimu hiyo) kinachotaja gari lako. Chagua zilizopakwa rangi ya kawaida. Rimu zenye uso uliochongwa ukang'aa huingiwa na chumvi chini ya vanishi, na baada ya msimu mmoja au miwili zinaonekana kama zimeota ukoga.

La tatu, rimu yenye tundu kubwa na pete za alumini, kwa masharti niliyoyaeleza. Kubaki na inchi 18 nakuweka mwisho. Ukuta wa tairi ya 215/40R18 (upana milimita 215, ukuta asilimia 40 ya upana huo, rimu inchi 18) una milimita 86 tu, na mashimo ya Februari hayana huruma.

Kipimo changu ni 205/55R16. Kipenyo chake kinafika kama milimita 632, na 215/40R18 ni 629, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Ukuta unakuwa milimita 113. Ukitaka 17, chukua 215/45R17, kama milimita 625, ambayo ni kipimo cha kiwandani. Namba ya uzito, ile inayofuata kipimo ubavuni mwa tairi, isishuke chini ya 87.

Kwenye tairi zenyewe sifichi: mimi ni wa Michelin, na kwa Ujerumani nasema Alpin 6. Baridi ya kule mara nyingi si theluji; ni lami iliyolowa kwenye nyuzi 3 hadi 8, kwa mwendo mkubwa. Alpin 6 imeundwa ili mifereji yake ifunguke zaidi kadiri kashata zinavyolika, ndiyo maana naiamini kwenye msimu wa tatu, wakati tairi nyingi zimebaki jina. Continental WinterContact TS 870 inaifuata kwa karibu, na kama duka lako halina Michelin usilie. Tafuta herufi V, yaani 240 kwa saa. Gari hili likiwa na gia za mkono hufika 226, hivyo ukichukua H ya 210 au T ya 190, Ujerumani inakutaka ubandike kibandiko cha mwendo mahali dereva anapokiona.

Walioko Quebec, ambako tairi za baridi ni lazima kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, au kaskazini mwa Sweden, wasifuate ushauri wa Munich. Huko ni barafu ya kweli. Chukua mpira laini zaidi: Michelin X-Ice Snow, Nokian Hakkapeliitta R5 au Continental VikingContact 7. Kwenye lami kavu gari litayumba kidogo ukikata kona, uzoee.

Tairi za misimu yote na zile za bei ya kutupwa? Kwa gari la mtindo huu, hapana. Za mtumba soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Hiyo iache.

Wauzaji sasa. Seti "kamili" wanayoitangaza mara nyingi haina nati, haina vihisi vya upepo, na pete ni ya plastiki. Magari yote mapya yaliyosajiliwa Ulaya tangu 1 Novemba 2014 yana mfumo wa kupima upepo, kwa hiyo wanajua fika kwamba utavihitaji, na bado bei yake inajitokeza kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo. Kosa la nati ni baya zaidi. Magari haya matatu yanatumia uzi wa Subaru, M12x1.25, yaani kipenyo milimita 12 na hatua ya uzi milimita 1.25. Ukiagiza kwa jina la Toyota unaweza kuletewa M12x1.5, inaingia mizunguko miwili, inakwama, na fundi mwenye haraka akiilazimisha kwa bunduki ya upepo stadi imekwisha. Muulize muuzaji mambo matatu kwa maandishi: tundu la katikati milimita ngapi, pete ya nini, uzi gani. Asiyejibu la kwanza mwache.

Kufunga: gari likiwa juu, anza nati zote tano kwa vidole, kisha kaza kwa spana ya kupima nguvu, kwa mpangilio wa nyota, hadi kama Nm 60 (newtonmita). Shusha gari, malizia Nm 120. Upepo bar 2.4, upimwe tairi zikiwa baridi, na urudie kila halijoto ikishuka nyuzi 10, maana hapo hupungua karibu bar 0.1. Baada ya kilomita 50 kaza tena. Kama usukani bado unatetema, usikimbilie balansi. Inua gari, toa gurudumu, pitisha kidole ndani ya tundu la rimu na juu ya mdomo wa habu uhesabu pete: ziwe moja kwa kila gurudumu, si mbili, wala si nusu.