Betri ya Chuma Katika Duka la Dawa: Tathmini Baada ya Miezi 14

Friji ya duka langu la dawa huko Mbagala, Dar es Salaam, hutunza insulini, ambayo kabla ya kufunguliwa haina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa sababu hiyo umeme ukikatika usiku mimi hukosa usingizi. Kwa miaka mitatu nilitegemea betri nne za maji, zile za risasi. Zilipochoka nilinunua Kariakoo betri moja ya lithiamu na fosfati ya chuma, yenye volti 51.2 na ampea-saa 100.

Kwa hesabu ya Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, betri hii hubeba takriban uniti 5. Zile nne kwa pamoja ziliandikwa karibu maradufu ya hapo, lakini betri ya risasi ikizoeshwa kutumiwa zaidi ya nusu hufa mapema, ilhali hii naishusha hadi asilimia 15 bila wasiwasi. Umeme ulipokatika kwa saa 19, friji, taa na feni viliendelea kufanya kazi, na skrini ikabaki kwenye asilimia 38.

Ndani yake hamna kobalti wala nikeli, madini yanayopandisha bei za betri nyingine. Kuna chuma na fosfati, vitu vinavyopatikana kwa wingi. Kemia hii ilichapishwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas. Kwa uzito uleule hubeba nishati pungufu kuliko betri za nikeli, jambo linaloweza kuligharimu gari, ila betri iliyofungwa ukutani haina safari. Tena haishiki moto kwa wepesi kama hizo, na kwangu, nikiwa nimepakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya watoto wadogo, hilo lina uzito kuliko bei.

Lawama yangu ni kwa aliyeniuzia. Aliniambia, “Mama, unachomoa zile, unachomeka hii, basi.” Hakusema kwamba inveta yangu, kifaa kinachochaji betri na kugeuza umeme wake uendeshe vyombo vya nyumbani, ilikuwa bado imepangwa kwa betri za maji, ambazo kila baada ya muda huhitaji kuchajiwa kwa volti za juu ili seli zake zilingane chaji. Volti hizo zilipopita 58, saketi ya ulinzi ya betri mpya ilijifunga, na usiku uleule umeme ukakatika. Asubuhi kipimajoto cha friji kilisoma nyuzi 17. Niliitenga insulini yote isiuzwe, kisha nikaanza kuwapigia simu wagonjwa waliokuwa wakiisubiri, kazi ambayo sitamani kuirudia. Fundi wa mtaani alibadilisha mpangilio wa inveta kwa dakika kumi, na tangu siku hiyo betri haijajifunga tena.

Nitaongeza ya pili kabla ya joto la Januari, kutoka duka jingine, na sitalipa mpaka fundi wao aiwashe inveta mbele yangu na kunionyesha volti za kuchajia.