Kamera bila bando: miezi minane stooni kwangu Isyonje

Nianze na swali ninaloulizwa kila mara: je, kamera za waifai zinaweza kurekodi bila intaneti? Ndiyo, zipo zinazorekodi. Zangu nne zina miezi minane hapa Isyonje, karibu na njia panda ya kwenda Kitulo, na sijazinunulia bando hata la siku moja. Zinalinda stoo ya viazi, banda la kuku, geti na mlango wa nyuma.

Mwanzo haukuwa mzuri. Nilinunua kwanza kamera moja ya kichwa kinachozunguka, muuzaji akanihakikishia kwamba nikiweka memori kadi imetosha. Kufika nyumbani, haitoi picha mpaka nijisajili kwenye programu ya simu, na programu haifanyi lolote bila intaneti. Niliirudisha. Safari ya pili nikaenda Mwanjelwa, sokoni Mbeya mjini, nikamwambia kijana wa dukani, "Mwanangu, iwashe hapa hapa, bila laini, bila ruta, nione picha kwenye TV." Akaunga, akawasha, baada ya muda mfupi kamera zote nne zikatokea kwenye kioo. Nikalipa laki nne na ushee pamoja na diski ya terabaiti 1. Ukienda kununua, dai uonyeshwe hivyo hivyo kabla hujatoa hela.

Seti ya namna hii rikoda yenyewe, kile kisanduku chenye diski, ndiyo inayorusha waifai, kamera zinashika mawimbi hayo na kurudisha picha, na picha inalala kwenye diski. Kutazama unatumia TV na mausi. Nami nimechomeka ruta ya zamani isiyo na laini ili nione kwa simu nikiwa jikoni. Hapo simu italalamika kwamba mtandao hauna intaneti, kisha inarukia data yako na picha inapotea. Zima data kwanza, halafu ikubalishe ibaki kwenye waifai hiyo.

Neno "bila waya" lisikudanganye. Kila kamera inataka umeme wa volti 12, kwa hiyo fundi atavuta waya tu. Halafu kuna kuta. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, na stoo imezungushiwa bati. Kamera ya stoo ilikuwa inagandaganda hadi fundi alipohamisha rikoda chumba cha upande ule na kuinua antena. Hatua kumi tu za kuhama zilimaliza tatizo.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma. Mwezi wa nne baada ya kufunga, mifuko miwili ya mbolea ilitoka stooni usiku. Asubuhi nikakaa mbele ya TV na imani yangu yote, nikafungua kalenda ya rikoda, nikatafuta picha za usiku ule: tupu. Za jana mchana zipo, za usiku hakuna. Nilitetemeka. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyepekua nyuma mpaka akakuta picha zimehifadhiwa chini ya tarehe 1 Januari 2000. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, saa ya rikoda ikaanza upya tangu sifuri, maana kibetri kidogo cha ndani kilikuwa kimekufa. Rikoda yenye intaneti hujisahihisha saa yenyewe. Yangu haina wa kumuuliza.

Mtu alionekana, sweta na kofia, mfuko begani, saa 06:40 ya rikoda. Nikapiga hesabu: umeme ulirudi saa mbili usiku, ongeza hapo masaa sita na dakika arobaini, unapata saa nane na dakika arobaini usiku. Nikaweka kipande kile kwenye flashi, nikampelekea mwenyekiti wa kitongoji. Alikitazama mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii ni ya lini?" Nikamweleza hesabu yangu. Akasema, "Mimi nimekuelewa. Lakini yule akikataa, akaonyesha huo mwaka 2000 ulioandikwa hapo juu, tutamjibu nini?" Sikuwa na jibu. Mbolea haikurudi.

Kibetri kile ni cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032, kinapatikana kwa mafundi saa. Nimebadilisha, na kila Jumapili nalinganisha saa ya rikoda na ya simu. Pia nimeweka betri ya sola na inveta ndogo, umeme ukikatika rikoda haizimi. Rikoda yenyewe nimeificha mahali pa faragha penye hewa, kwa sababu bila intaneti hakuna nakala popote. Mwizi akiibeba, amebeba na ushahidi.

Diski inatosha. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21 na kitu kwa siku, kwa hiyo kamera nne zinajaza terabaiti 1 kwa siku kumi na moja hivi, kisha za zamani zinafutwa. Nimeiweka irekodi pale tu kitu kinaposogea, nami napata wiki kadhaa. Ila futa buibui: utando ukipepea mbele ya lenzi, rikoda inaona mgeni usiku kucha.

Na ukungu wetu huu! Taa za kamera zinaupiga, unarudi mweupe kama maziwa, huoni hata geti. Dawa niliyoipata ni kuzima taa za kamera na kuwasha balbu ya kawaida iliyofungwa pembeni, mbali na lenzi.

Kama unaishi Mbeya mjini na shamba liko huku, seti hii haikufai, kwani ukiwa mbali huoni kitu wala hupati taarifa. Mimi nalala hapa hapa. Iliyobaki ni kamera ya geti, mvua ikinyesha kubwa inakatika, na wiki ijayo fundi anakuja kuishusha itoke nyuma ya mikaratusi.