Diploma ya maabara: slaidi safi, ofisi vumbi

Anayetuuliza kama chuo chetu cha zamani kinafaa, na sisi tunamuuliza: unatafuta mahali pa kujifunza kusoma slaidi (kioo chenye sampuli, chini ya hadubini), au mahali ambapo ofisi inafanya kazi? Vyote viwili kwa pamoja hapo hupati. Ni chuo binafsi cha afya Kanda ya Ziwa, diploma ya maabara, NTA (mfumo wa tuzo za vyuo vya ufundi) ngazi ya 4 hadi 6, miaka mitatu. Jina tunalistiri, waliopita pale watakijua tu.

Tuanze na malaria, maana hapo ndipo unaona ada imekwenda wapi. Tone nene la damu na utando mwembamba wa damu vinakaa kwenye slaidi moja, na mwalimu hapokei tone ambalo likiwa bado bichi huwezi kusoma maandishi ya gazeti kupitia humo. Utando mwembamba unapitishwa kwenye methanoli. Tone nene lisiguswe nayo: likiguswa, chembe nyekundu hazipasuki tena na slaidi haisomeki. Rangi ya Giemsa, ya kuonyesha vimelea, ikiwa ya asilimia 3 inakaa dakika 30 hadi 45. Ya asilimia 10, dakika 10 hadi 15, ni ya mgonjwa wa haraka, na inakula Giemsa nyingi. Maji ya kuchanganyia yawe pH 7.2. Yakiwa na asidi, rangi inakwenda uwaridi na vimelea vinapotea machoni. Wanaopuuza hilo huishia kuilaumu Giemsa. Na huandiki kwamba vimelea havijaonekana kabla ya kupitia fildi 100 (fildi ni eneo linaloonekana kwa mara moja) kwa lenzi ya 100, ile inayotumia mafuta.

Shida ni hadubini zenyewe. Zipo 8 kwa darasa la watu 60, na nyingi lenzi ya 40 haioni. Si uzee huo. Mtu akimaliza na lenzi ya 100 anazungusha ya 40 juu ya slaidi ile ile yenye mafuta. Mafuta yanashika lenzi isiyotumia mafuta, yanakauka, muhula ukiisha ni ukungu mtupu. Karatasi za kufutia zipo kabatini, kabati lina kufuli, na mwenye ufunguo Alhamisi na Ijumaa anafundisha chuo kingine.

Mashine ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ipo, ila vitendanishi, yaani dawa zake za kupimia, vikiisha havirudi mpaka wakaguzi wakaribie kuja. Mhitimu anahesabu chembe nyeupe kwa mkono vizuri kabisa, halafu akifika hospitali ya wilaya hajui abonyeze wapi. Aibu hiyo ni ya wiki 2, inapita.

Ya ofisi ya taaluma haipiti. Alama za CA (mazoezi na majaribio ya muhula) zikichelewa kuingizwa kwenye mfumo, matokeo hayakamiliki. Bila matokeo kamili AVN (namba ya kuthibitisha tuzo yako) haitoki, na bila AVN ombi la digrii limelala. Majina nayo: cheti cha kidato cha nne kina matatu, transkripti (hati ya matokeo ya chuo) inatoka na mawili. Slaidi tunawapa 9 kwa 10. Ofisi 3, na hizo 3 ni za karani wa dirishani, anayehangaika peke yake.

Ukienda, beba karatasi zako za lenzi. Alama za CA zikibandikwa ubaoni, zipige picha. Majina yahakiki muhula wa kwanza, usingoje siku ya kliarensi, ya kusainiwa kwamba chuo hakikudai. Fomu yenyewe ina saini 5: maktaba, maabara, hosteli, taaluma na mhasibu. Anza na mhasibu, ndiye anayesafiri.